Miguu ya Meza na Kosa la Sakafu



Mwezi uliopita, Jumapili baada ya ibada, vijana wanne wa parokia yetu walinifuata nyumbani wakiwa na karatasi mkononi. Wamekusudia kuwatengenezea watoto wa Shule ya Jumapili mfano wa reli ya TAZARA, kile kipande kinachopanda kutoka Mlimba hadi Makambako, pamoja na madaraja na mahandaki yake, na garimoshi dogo la mbao lenye mabehewa matatu. Garimoshi walikwisha kulichora. Milima walijua wataifinyanga kwa magazeti makuukuu na uji wa unga wa muhogo. Lililowashinda ni jambo moja tu, wakaona wamwulize mzee aliyefundisha kazi za mikono: je, meza ya kubebea vitu vyote hivyo iwe na miguu ya namna gani? Mmoja alitaka miguu mitatu. Mwingine alitaka minne. Wa tatu alikuwa amekwisha kuzungumza na mafundi wa kuchomelea kule barabarani wamkatie mabomba ya chuma. Wa nne, binti, alikaa kimya akiwatazama wenziwe.

Niliwapa chai, nikawaambia nitafikiri. Nadhani waliondoka wakisema mzee anajikweza, maana swali lenyewe ni la dakika mbili. Lakini swali hilo niliwahi kuulizwa mwaka 1987, nikalijibu kwa haraka, na jibu langu likamwumiza mtu asiye na kosa. Ndiyo sababu nimemwomba mhariri wetu nafasi, nijibu kwa maandishi, na kila mmoja asome.

Nianze na yale ya ufundi, kwa kuwa ndiyo waliyoyauliza.

Sisi watu wa Mafinga hatuna udhuru wa kukosa mbao. Shamba la miti la Sao Hill liko hapa mlangoni petu, nalo ni kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Na kila mwenye eka mbili zake siku hizi amepanda paini au milingoti. Lakini kuwa na mbao nyingi si kuwa na mbao njema. Paini iliyopasuliwa juma lililopita bado ina maji ndani yake, na ukiifanya mguu wa meza leo, ukungu wetu wa Mufindi ukipita na jua la mwezi wa kumi likija, mguu ule utapinda kama upinde. Mlingoti ni mgumu zaidi, lakini hupinda na kupasuka kwa ukaidi wake wenyewe. Basi chagueni paini iliyokaa kivulini miezi kadhaa, imepangwa kwa vijiti katikati ili upepo upite, yenye nyuzi zilizonyooka, isiyo na fundo katikati ya mguu. Mbao ya mbili kwa mbili yatosha. Wengi hudhani mguu hushindwa kwa sababu ya uzito wa juu, wakatafuta gogo. Sivyo. Mfano wa karatasi na uji hauna uzito. Mguu hushindwa kwa kusukumwa ubavuni, mtoto anapoegemea na mwingine anapomsukuma. Dawa yake si unene bali ni mbao nyembamba ya mshazari, inayotoka katikati ya mguu kwenda juu chini ya meza, ili pembe tatu ipatikane. Pembe nne hulegea. Pembe tatu hailegei mpaka mbao ivunjike. Hili nimelifundisha darasani mara nyingi mno, na wanafunzi wangu wa zamani wanaosoma hapa watacheka.

Tena miguu msiiweke kwenye ncha kabisa. Wenzetu wa Marekani na Uingereza, ambao kwao kujenga reli ndogo nyumbani ni jambo la watu wazima wenye mvi, wameliandikia vitabu jambo hili. Mmoja wao, Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa gazeti lao kwa miaka mingi, aliwashauri waweke miguu ndani kiasi cha moja ya tano ya urefu kutoka kila ncha. Sababu yake ni rahisi. Miguu ikiwa nchani, katikati ya meza huning'inia na kulegea; ikisogezwa ndani, uzito wa ncha zinazobaki nje husaidia kuinua katikati. Kwa plaiwudi ya futi nane, moja ya tano ni kama sentimita 49. Lakini kwa meza ya watoto watakaoegemea ncha nisingefika huko. Sentimita thelathini zatosha. Kuhusu kimo sitasema mengi: pimeni kifua cha mtoto wa miaka saba, si kifua chenu.

Sasa nije kwenye ile hoja iliyowafanya vijana wabishane, mitatu au minne.

Kila aliyekalia kigoda jikoni kwa bibi yake anajua kwamba kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi. Kiweke juu ya udongo, juu ya mawe, juu ya majivu, hutulia papo hapo. Nukta tatu siku zote hupata bapa moja la kulalia. Nukta ya nne ndiyo inayoleta ugomvi: ikiwa sakafu haiko sawa, au mguu mmoja umezidi, meza ya miguu minne itakwambia mara moja. Itagonga ko-ko, ko-ko, na chai itamwagika. Kwa hiyo kijana aliyetaka mitatu alikuwa na akili nzuri.

Lakini tuangalie vizuri. Kigoda kimetulia, je, kiko sawa? Weka embe juu ya kigoda kilichosimama mteremkoni, uone litakakokwenda. Kutulia ni jambo moja, na kuwa sawa ni jambo jingine. Kigoda hutulia hata kikiwa kimeinama, na kwa sababu kimetulia hakuna anayekiuliza. Meza ya miguu minne yenye kelele inaudhi, lakini walau inatoa habari. Wataalamu wa hesabu hata wameonyesha kwamba meza ya mraba yenye miguu iliyolingana, ikiyumba juu ya sakafu iliyojikunja kidogo kidogo, ukiizungusha polepole mahali pake, kabla hujamaliza robo ya duara itapata pahali pa kutuliza miguu yote minne. Nilipolisoma jambo hilo nilifurahi kama mtoto, nikalijaribu kwenye meza ya mke wangu jikoni. Akaniuliza kama nimekosa kazi. Lakini angalieni, wataalamu hao hawasemi kwamba meza itakuwa sawa. Wanasema itatulia.

Kwa reli ndogo tofauti hii ni kubwa. Juu ya meza iliyotulia lakini imeinama, behewa lenye magurudumu mazuri haliulizi ruhusa. Huondoka.

Na hapa ndipo penye habari yangu ya mwaka 1987.

Wakati ule nilikuwa mkufunzi kijana, miaka yangu haijafika thelathini, katika chuo kimoja cha ualimu ambacho sitakitaja. TAZARA ilikuwa bado fahari mpya. Wengi wenu mnakumbuka: ujenzi ulianza mwaka 1970, ukamalizika 1975, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili shaba ya Zambia ipate njia ya bahari isiyopita kwa walowezi wa Rhodesia. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, karibu kilomita 160 za kupanda kutoka bonde la Kilombero hadi huku kwetu kwenye baridi, na mahandaki mengi ya reli nzima yako humo. Wachina waliokufa katika kazi hiyo wengine wamezikwa Gongo la Mboto, na Watanzania na Wazambia waliokufa pamoja nao makaburi yao yametawanyika vijijini kwao.

Tulitarajia wageni kutoka wizarani, na mkuu wa chuo alitaka waone kwamba wanachuo wetu hutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vilivyopo. Nikawapa kikundi changu kazi ya kutengeneza mfano wa kipande hicho. Mwanachuo mmoja, mtoto wa fundi seremala, ndiye aliyekuwa mkono wa kikundi. Alikata magurudumu kwenye vibiringo vya nyuzi za cherehani, ambavyo kwa umbo lake tayari vina ukingo wa kushika reli. Tulifanya hesabu pamoja: reli ya TAZARA ni milimita 1,067 kati ya chuma na chuma; tukigawa kwa 32 tunapata milimita 33. Reli zenyewe zilikuwa waya mnene ulionyooshwa, mataruma yalikuwa vijiti. Kwa kuwa hatukuwa na muda wa kujenga mpando, reli tuliilaza tambarare juu ya meza, milima tukaichora kwenye ubao wa nyuma. Na meza aliitengeneza yeye, miguu minne, kila mguu umepimwa na kukatwa pamoja na wenzake ili ilingane. Ilikuwa kazi safi.

Siku moja kabla ya wageni tuliiingiza meza katika chumba cha maonyesho. Ikayumba. Kona moja ya chumba kile saruji ilikuwa imezama, karibu vidole viwili, na mguu mmoja wa upande wa Makambako ukabaki unaning'inia hewani. Mimi nilikuwa nimechoka na nina wasiwasi. Nikamwambia, “Miguu yako haikulingana.”

Akajibu kwa adabu, “Mwalimu, imelingana. Nimeigeuza meza nusu duara, pengo limebaki palepale kwenye kona. Haliufuati mguu. Ni sakafu.”

Nataka muelewe kwamba njia hiyo ya kugeuza nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilikuwa nimewafundisha darasani jinsi ya kuijaribu pimamaji: iweke mezani, tazama kitone cha hewa, kisha igeuze kichwa kwa mkia uiweke tena palepale. Kitone kikiegemea upande uleule wa chumba, meza ndiyo imeinama. Kikigeuka pamoja na pimamaji, pimamaji yenyewe ndiyo mbovu. Kijana alikuwa ametumia somo langu kwa meza, na somo lilikuwa limemjibu sawasawa. Akaomba aweke kabari ya mbao chini ya mguu unaoning'inia, kisha siku nyingine sakafu izibwe.

Nilikataa. Niliona kabari ya vidole viwili chini ya mguu ni aibu mbele ya wageni; watasema chuo hiki hata meza hawajui kuunda. Nikamwambia akate mguu wa jirani, ule mwingine wa upande wa Makambako, kiasi cha vidole viwili, na meza itatulia. Akasema, “Mwalimu, itatulia, lakini itainama.” Nikamwambia asinifundishe kazi. Kisha nikasema neno ambalo naona haya kuliandika hapa, lakini nitaliandika: nilimwita mbishi, mbele ya wenzake.

Akachukua msumeno, akakata. Meza ikatulia kama jiwe.

Kesho yake wageni walikuja. Nilipokuwa nikieleza jinsi treni inavyopambana na mlima ule, nikaondoa mkono wangu kwenye kichwa cha treni, na treni ikaanza kwenda yenyewe. Polepole kwanza, kisha kwa bidii, ikapanda mlima wote kutoka Mlimba hadi Makambako bila mtu kuigusa. Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni ufundi tulioutega. Mkubwa wao akanishika mkono akaniuliza tumefanyaje, nami nikatabasamu nikasema ni ubunifu wa wanachuo. Kijana alikuwa amesimama ukutani. Hakusema kitu wala hakunitazama.

Mpaka hapo naweza kuonekana mtu wa kuchekwa tu. Yaliyofuata ndiyo mazito.

Mwisho wa mwaka tulitakiwa kujaza taarifa ya kila mwanachuo, na kwenye mstari wa tabia niliandika kwamba ni hodari wa kazi lakini ni mbishi. Sikuandika kwa chuki. Neno lilikuwa limekwisha kukaa kichwani mwangu, na siku ile nilikuwa na taarifa arobaini za kumaliza. Miaka michache baadaye nilikutana na mwalimu aliyefundisha naye katika shule ya kwanza aliyopangiwa. Akaniambia kwamba yule kijana alipofika shuleni alikuta anaitwa “yule mbishi” kabla hajafungua kinywa. Alipouliza jambo katika kikao cha walimu, lilipokewa kama ubishi. Aliponyamaza, walisema amenuna. Alihamishwa mara tatu katika miaka minne.

Na meza je? Mwaka uliofuata ule mfano ulihamishiwa maktaba, ambako sakafu ilikuwa mpya na laini kama kioo. Ikayumba vibaya, maana sasa ilikuwa na mguu mfupi kweli. Mkufunzi mgeni akaitazama akasema, “Nani aliyeunda meza hii? Hakujua kupima.” Nilikuwepo chumbani. Sikujibu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokifanya, ingawa kukubali kulichukua muda mrefu zaidi. Kosa lilikuwa la sakafu. Mimi nililitoa kwenye sakafu nikalitia mguuni mwa meza kwa msumeno. Kabla ya hapo meza ilikuwa haina kasoro mahali popote duniani isipokuwa kwenye kona ile moja. Baada ya hapo ilikuwa haina kasoro kwenye kona ile moja tu, na popote pengine itakapokwenda itaonekana mbovu. Kwa meza nilitumia msumeno. Kwa mtu nilitumia kalamu.

Basi swali la vijana wetu naliona hivi: kitu kinapogombana na mahali kilipowekwa, tubadili kipi?

Najua mtanijibu, “Mwalimu, meza mbovu zipo.” Zipo, tena nyingi, na nyingine nimeziunda mimi. Wako watu ambao ugomvi wao huwafuata kila waendako, ukimhamisha Mafinga ukampeleka Njombe, ugomvi unapanda basi pamoja naye. Sisemi kila anayelalamika ana haki. Nasema tuna njia ya kujua, nayo ni ileile aliyoitumia kijana: geuza, kisha utazame pengo linakwenda wapi. Likimfuata mtu, ni lake. Likibaki palepale, na kila anayewekwa kwenye kona ile anayumba, basi tuiname tuangalie sakafu. Katika shule nilizokagua baadaye, ilikuwapo moja ambapo kila mwalimu wa darasa la nne alikuwa “hana nidhamu”. Watatu walifuatana. Hakuna aliyeuliza kwa nini darasa lile moja lilikuwa na watoto mia na ishirini.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na nimeihangaikia. Mtu atasema: mbona kwenye madaraja ya TAZARA nguzo hazilingani? Na kweli hazilingani. Pale kwenye mto Mpanga ziko nguzo zinazofika karibu mita 50 kwenda juu, na zile za kando ni fupi, kwa kuwa bonde ni refu katikati na fupi kandoni. Wahandisi waliipimia kila nguzo mahali pake. Hawakusema nguzo ndefu ina makuu, wala fupi ni mbovu. Je, hao nao hawakukata mguu kufuata sakafu?

Walikata, na walikuwa na haki. Lakini nguzo ya daraja haitahama kamwe. Imezaliwa pale kwa ajili ya pale. Tena walipima ili reli ya juu ikae inavyotakiwa. Mimi nilikata ili kelele zikome, reli iende itakavyo. Na juu ya hayo, watu si nguzo za daraja. Mtoto tunayemlea leo atatoka nyumbani, mwalimu atahamishwa, binti ataolewa mbali. Ukimpunguza mtu ili aenee kwenye kona yako iliyozama, siku atakapofika penye sakafu nzuri atayumba, na watu wa huko hawatajua habari za kona yako. Watasema hakufundwa.

Sakafu haizibwi kwa siku moja, hilo nalikubali. Saruji ina bei, wageni wanakuja kesho, na meza ni lazima isimame leo. Kwa hiyo nimefika mahali pa kuiheshimu sana kabari, ambayo zamani niliiona aibu. Kabari haina uongo. Inaonekana. Inasema wazi kwamba hapa pana pengo la vidole viwili, na kwamba meza haijaguswa. Ukiihamisha meza, kabari unaiacha. Ubaya wake ni mmoja, kwamba tukizoea kuiona tunasahau tuliahidi kuziba sakafu. Nimeona kabari za kesho zilizokaa miaka ishirini, mpaka mchwa wakazila. Basi, vijana wangu, iko njia iliyo bora kuliko kabari, nayo wajenzi wa reli ndogo wanaitumia sana. Toboeni tundu chini ya kila mguu kwenda juu, sentimita nane hivi. Tieni nati kwenye mdomo wa tundu na kuikaza vizuri, kisha bolti iingie kutoka chini, kichwa chake ndicho kikanyage sakafu. Ukitaka mguu urefuke, zungusha huku. Ukitaka ufupike, zungusha kule. Mbao yenyewe haikatwi. Meza ikienda kwingine, mnaanza upya na pimamaji, dakika kumi, na haikumbuki chochote cha kule ilikotoka. Miguu iwe minne, iyumbe kwanza, itwambie.

Mtauliza kama nilimwomba radhi yule mwanachuo. Mwaka 2011 nilishuka basi pale Makambako, nikasikia mtu akiniita, “Shikamoo, Mwalimu!” Alikuwa yeye, amenenepa kidogo, ana mvi. Alikuwa amekwisha kuwa mwalimu mkuu. Akanichukulia begi langu, akaninunulia chai na mandazi, akaniuliza hali ya mama nyumbani. Nikamwambia, “Mwanangu, nilikukosea mwaka ule wa maonyesho, na nilikuandika vibaya.” Akasema, “Aa, Mwalimu, hayo yamepita. Kunywa chai, itapoa.” Akasema kwa heshima yote, uso umetulia kabisa. Akanisindikiza mpaka kwenye gari la Mafinga, akasimama mpaka likaondoka. Nimeifikiria sura ile mara nyingi tangu siku hiyo. Ilikuwa imetulia. Sijui kama ilikuwa sawa. Adabu aliyofundwa haimruhusu kumwonyesha mwalimu wake zaidi ya hapo, nami ndiye niliyemfundisha mapema kwamba kusema kuna gharama. Kama anasoma jarida hili, maana linafika mbali siku hizi, ninarudia hapa mbele ya parokia nzima: miguu ilikuwa imelingana. Sakafu ndiyo iliyokuwa mbovu, na mimi nilijua.

Sasa habari za vijana wetu. Juma lililopita niliwaita tena, na safari hii nilimwuliza yule binti aliyenyamaza anaonaje. Akasema kwamba hawakuwa na haja ya kubishana juu ya mitatu au minne kabla ya kwenda kuitazama sakafu ya ukumbi, maana ile kona ya mlango wa nyuma, ambako mvua huingia, saruji imetitia. Yeye hupanga viti pale kila Jumamosi, na kuna viti vitatu ambavyo watu wamevitenga kuwa vibovu. Alivijaribu sehemu nyingine ya ukumbi, na vyote ni vizima. Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema hakuulizwa.

Nimekwenda mwenyewe kutazama. Ni kweli kabisa. Fundi anasema mifuko miwili ya saruji na siku moja ya kazi vinatosha, na nimewaandikia wazee wa kanisa juu ya jambo hilo. Lakini mmoja wa vile viti naona amekwisha kukatwa mguu. Kazi ya meza itaanza Jumamosi saa tatu asubuhi hapo ukumbini. Mbao kavu zimepatikana, bolti nne zimenunuliwa. Pimamaji yangu maji yake yamekauka, basi mwenye yake nzima tafadhali aje nayo.